Mkuu wa Shule, Tawi la Nyumbani

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa! Nimeteuliwa.

Barua ya shule imefika leo, inamhusu Glory. Glory ni binti yangu, miaka kumi na tano, darasa la kumi, maneno machache. Shule yake, hapa Mesquite, Texas, ni ya serikali lakini ndogo kuliko choo cha ghala ninapofanyia kazi. Wanafunzi hamsini na wanane tu, kuanzia darasa la sita hadi la kumi na mbili, katikati ya daktari wa meno na duka la donati. Mwanafunzi anaenda mara moja kwa wiki, siku ya Jumatano, anakaa saa moja na mwalimu wake, kisha anarudi kujisomea nyumbani. Nyumbani lazima awe na mtu mzima wa kumsimamia. Mtu huyo anajaza fomu ya saa zilizosomwa na kutia sahihi.

Mke wangu Bertila ni nesi, na hana subira na fomu. Amesema nijaze mimi kwa kuwa naingia kazini saa nane mchana. Penye jina nimeandika Elimringi. Penye cheo nikasita. Fomu inasema "msimamizi". Msimamizi ni mtu wa kuangalia mafundi wasiibe saruji. Mtu anayeshika ratiba, nidhamu na mahudhurio ana jina lake linalojulikana. Nimeandika: Mkuu wa Shule, Tawi la Nyumbani.

Kule Same nilikuwa mtunza stoo wa sekondari kwa miaka tisa. Siku moja walimu wote walikwenda msibani, nikakaimu ukuu wa shule kwa saa sita. Hakuna kilichoungua. Watu wamesahau. Mimi sijasahau.

Kabla ya kwenda zamu Bertila amenikalisha chini. Amenikumbusha kwamba mwaka jana Glory alikuwa kwenye shule ile kubwa ya wanafunzi elfu tatu, tumbo linamuuma kila asubuhi, na kufika Krismasi alikuwa haongei hata na sisi. Kwamba huku ameanza kula. Kwamba mkataba unasema kumbukumbu zake zikiharibika, au akishindwa onyesho la muhula, ile siku ya kueleza kazi yake mbele ya wakubwa, anarudishwa kule. Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Shule sasa ina mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba

Mstarini saa moja na nusu asubuhi, sebuleni. Kengele: mfuniko wa sufuria na mwiko. Jirani wa chini amegonga dari lake mara nne kwa kitu kigumu. Nimechukulia kama salamu.

Nimeamuru wanafunzi wahesabu namba. Glory akasema, "One." Kimya. Mahudhurio asilimia mia moja! Dakika tano baadaye akaenda chooni bila ruhusa na mahudhurio yakashuka hadi sifuri. Sijawahi kuona shule ikiporomoka kwa kasi hiyo.

Ukaguzi wa sare. Soksi moja nyeupe, nyingine ina picha za maparachichi. Sikuweza kunyamaza. Nimemwandikia mzazi wake barua ya wito, afike ofisini Alhamisi saa tatu kamili bila kukosa. Kisha nimeipokea na kusaini.

Glory ameuliza kama sasa anaweza kusoma. Somo lake kubwa muhula huu ni sayansi, na sayansi yenyewe ni kuhesabu ndege. Roshani yetu inatazama maegesho ya duka la vyakula, yenye miti kumi na miwili iliyopangwa mstari. Kila magharibi wanakuja ndege weusi wenye mikia mirefu, mamia kwa mamia, kulala humo. Ana daftari. Tarehe, saa, mti namba fulani, ndege kadhaa, yote kwa penseli, na michoro. Tangu Agosti hajaruka hata siku moja. Mimi nawaita kunguru. Yeye anasema si kunguru, ni grackle. Nimemwambia kwamba katika tawi hili mwenye kauli ya mwisho kuhusu kunguru ni Mkuu wa Shule.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mzazi amefika ofisini saa tatu na dakika mbili. Amechelewa. Nimeketi upande wa jikoni wa meza nikamweleza kwa ukali hali ya soksi. Kisha nimehamia upande wa dirishani na kuomba radhi. Kwa kweli mzazi ni mtu mwelewa, mpole, amevaa vizuri. Bertila ameingia kutoka zamu akanikuta natoka kiti kimoja kwenda kingine. Amenipima joto. Lilikuwa la kawaida.

Mchana, kabla sijaenda kazini, uchaguzi wa kiranja mkuu. Mgombea: Glory. Mpiga kura: Glory. Kura ya siri, kwa hiyo mimi niligeukia ukuta. Sanduku lilikuwa kopo la kahawa. Nikafungua, nikahesabu, nikahesabu tena. Kura moja, halali, haina doa. Imeandikwa: Friji.

Uchaguzi ni uchaguzi. Nimeitangaza friji kuwa kiranja mkuu na kuiapisha. Nikifikiri vizuri, haina kasoro. Haichelewi, haisengenyi, na usafi wake ni wa wastani.

Halafu posta! Muhuri wangu umefika!

Niliuagiza mtandaoni Jumatatu ileile. Mstatili, mpini mweusi, wino wa zambarau. MKUU WA SHULE, TAWI LA NYUMBANI, MESQUITE, na katikati tarehe. Watu wa nchi hii wanachora sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu na kuona wamemaliza kazi. Sisi tunajua. Karatasi bila muhuri ni ya kufungia karanga. Niliwahi kusafiri Same hadi Moshi na kurudi kwa sababu muhuri kwenye barua ya watu ulikuwa umekaa upande. Sikulalamika. Ulikuwa upande kweli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku tamu kuliko zote tangu nije Texas.

Bertila amempeleka Glory maktaba. Nikabaki na muhuri. Nikaanza na fomu za wiki nane zilizopita, alizojaza Bertila, ambazo zilikuwa zimelala uchi kabisa. Ta! Ta! Ta! Kisha nikaliona daftari la ndege mezani. Moyo uliniuma. Kazi yote ile, kurasa sitini na moja, na hakuna mahali hata pamoja panapoonyesha kwamba mamlaka yoyote imeiona. Onyesho ni baada ya siku kumi na moja. Mtoto angeenda mbele ya wakubwa na daftari kama la dobi.

Nimegonga kila ukurasa. Nimegonga katikati, mahali panapoonekana. Kurasa za mwisho mkono ulishapata mdundo. Nimegonga pia kalenda, kiganja changu, na kiranja mkuu ubavuni.

Tarehe zote zimelingana, 10 OKT, 10 OKT, mwanzo hadi mwisho. Inapendeza macho.

Glory amerudi akafungua daftari. Amefungua ukurasa wa kwanza, wa kumi, wa mwisho. Ameingia chumbani na kufunga mlango polepole. Nadhani amezidiwa na furaha.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya ibada, chai ukumbini. Nyaga alikuwepo. Huyu ni Mkenya, anafanya kazi ofisi ya hospitali, binti yake Gakii yuko darasa la nane shuleni kwa Glory. Wazazi wamemchagua Nyaga kusimamia kahawa siku ya onyesho. Kahawa tu! Lakini anatembea kama waziri anayekwenda kufungua daraja.

Nikautoa muhuri kwenye koti kama mtu anayetafuta leso. Nyaga akausoma. Akasema, "Boss, hii ni noma. Lakini hizo form si tuna-submit online? Mimi hubonyeza tu, imeisha." Nimemhurumia sana. Mtu mzima anabonyeza.

Halafu akaugeuza juu chini, akagusa kitu kwa ukucha, na tarehe ikazunguka. 11. 12. 13. Akasema kumbe kuna kigurudumu. Nimemwambia nilijua.

Sikujua.

Nimekunywa chai iliyobaki bila kusikia ladha yake. Njiani kurudi nilimuuliza Glory kwa sauti ya kawaida kama tarehe kwenye daftari ni muhimu sana. Aliangalia nje ya dirisha la gari mpaka tukafika.

Jumatatu, 13 Oktoba

Asubuhi Glory amemwambia mama yake tumbo linamuuma.

Mara ya kwanza tangu Agosti. Nimeogopa. Bertila ameniangalia juu ya kikombe.

Nimetafakari kama kiongozi. Shule ikipoteza ari, kinachohitajika ni mtihani. Nimetunga wa majaribio, maswali ishirini. Swali la kwanza: Taja majukumu matano ya Mkuu wa Shule. Glory ametaja moja: Kuwaacha wanafunzi wasome. Nimempa alama mbili kwa mwandiko. Jumla amepata tisini na nne kwa mia. Vizuri sana!

Sasa nafasi. Ukimpa mtoto nafasi ya kwanza anavimba kichwa, nimeona kwa macho yangu kule Same. Kwenye ripoti nimeandika: Nafasi ya 2 kati ya 1.

Ameisoma ile ripoti mbele na nyuma. Kisha akauliza nani wa kwanza. Nimemjibu kwamba nafasi ya kwanza iko wazi, inamsubiri atakayestahili. Akauliza, "Is it the fridge?" Nimemwambia matokeo hayakatiwi rufaa.

Lakini ameongea! Maneno yake ya kwanza kwangu tangu Ijumaa. Mtihani umefanya kazi.

Jumatano, 15 Oktoba

Rosette amenipigia simu saa nne. Rosette ni karani wa shule, Mkongo wa Lubumbashi, anaishi mbali, Haltom City, na anasema barabara itamuua. Alisema, "Papa Glory, ukuye leo, directeur iko anakutafuta. Bon, usikawie."

Nimevaa suti. Nilijua wameona mihuri na wanataka kunishukuru ana kwa ana. Nimeuweka muhuri mfukoni, endapo watahitaji.

Huyo directeur, yaani mkuu wao, anaitwa Bwana Humphrey. Mrefu, viatu vya michezo, sauti ya taratibu. Daftari lilikuwa mezani kwake. Glory alikuwa kwenye kiti cha pembeni, anaangalia magoti yake. Bwana Humphrey aliuliza kwa nini wiki nane za kumbukumbu zina tarehe moja. Nilielewa kila neno, lakini Rosette akarudia kwa Kiswahili ili niumie mara mbili. Kwamba mtu asiyemjua Glory akilifungua daftari ataona limetungwa lote siku moja. Kwamba tarehe zake za penseli zimo chini ya wino, na idadi za ndege pia. Kwamba yeye binafsi anamwamini, ila shule ni ya umma na wanakaguliwa, na kama kazi haiwezi kuthibitishwa, kuanzia Novemba Glory anarudi shule kubwa.

Nimesema ni mimi. Nimesema haraka, kabla sijapata muda wa kufikiri. Bwana Humphrey akauliza muhuri unasemaje. Rosette akamtafsiria. Akauliza, mkuu wa shule gani? Nikamwonyesha barua yangu ya uteuzi ya tarehe 6. Akaisoma akasema huu ni mwandiko wangu mwenyewe. Ni kweli.

Ndipo Glory akainua kichwa. Akaomba kitu kimoja: onyesho lake lisiwe mezani. Liwe kwenye maegesho, Jumanne, magharibi, chini ya miti. Atasema mapema ndege watafanya nini, na watu waje waone wenyewe kama anawajua au hawajui. Aliongea dakika nzima. Rosette ameniambia mlangoni hajawahi kumsikia akiongea hivyo. Bwana Humphrey amekubali.

Nimejisikia vibaya sana. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili langu halisomwi na mtu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Operesheni ya kufuta wino. Limau: wino umekuwa waridi. Maziwa: waridi na harufu. Dawa ya meno: ukurasa wa tisa hauonekani tena, kwa upande wowote. Nikakumbuka kwamba joto huvuta wino, nikaleta pasi. Ukurasa wa kumi na nne una umbo la pasi. King'ora cha moshi kimelia, jirani wa chini amegonga dari. Sasa tumezoeana.

Bertila amenipokonya pasi. Ameongea dakika kumi bila kuvuta pumzi. Alianza na daftari, akapitia soksi, akapitia jinsi nilivyoiapisha friji, akafika hadi mambo ya harusi yetu. Mwisho akasema kwamba mtoto huyu amepata mahali pamoja tu duniani panapomtosha, na kwamba kuanzia sasa hadi Jumanne nisifanye chochote. Chochote. Nimekubali. Nilikuwa na machozi kidogo, ni limau.

Nimeketi roshani nikawaza. Jumanne Glory atasema ndege wataingia mti namba nne. Aliandika hivyo kwenye karatasi, nimeiona. Je, wasipoingia? Kunguru hana mkataba na mtu. Lakini kila kiumbe anakula.

Kumwaga bisi chini si kufanya kitu. Ni kama kudondosha.

Jumanne, 21 Oktoba

Nitaandika yote kwa mpangilio, mkono bado unanuka.

Nimechukua ruhusa kazini. Saa kumi na moja na nusu nikashuka na mifuko minane ya bisi ndani ya begi la mazoezi. Nikahesabu miti kuanzia upande wa benki: moja, mbili, tatu, nne. Nikadondosha. Nikarudi nyumbani, suti, tai, risala ya kurasa nne. Hakuna sherehe bila risala, na niligundua hakuna aliyepangwa kuisoma.

Saa kumi na mbili watu wameanza kufika. Bwana Humphrey na viatu vyake. Rosette na viatu vya kisigino, kwenye lami yenye mashimo. Wazazi kama kumi. Bertila na nguo za kazini. Nyaga ameweka meza ya kukunja, majagi mawili ya kahawa, vikombe vimepangwa kama gwaride, Gakii anagawa sukari. Nimelazimika kukubali kwamba kahawa ilikuwa nzuri.

Glory alisimama juu ya ukingo wa saruji. Aliwaambia kwamba watu hudhani ndege hawa wanafuata chakula. Kwa wiki kumi ameona vingine. Wanachagua mahali pa kulala kwa kufuata taa na majani mazito. Watajaza kwanza mti namba nne, taa zikiwaka, kufika saa kumi na mbili na dakika arobaini, na hawatapungua mia mbili. Akaunyoosha mkono kuonyesha mti wenyewe.

Haukuwa mti wangu.

Yeye anahesabu kuanzia upande wa dobi. Mti wangu ni namba tisa.

Nilitaka kukimbia nikazoe. Bertila alikuwa ameshanishika mkono, sijui aliona nini usoni kwangu. Wakaja. Kwanza kumi, kisha hamsini, kisha anga lote jeusi, na wote, wote kabisa, wakashuka kwenye bisi zangu chini ya mti wa tisa. Kelele zao ni za milango mia isiyotiwa mafuta. Mti wa nne ulikuwa mtupu. Bwana Humphrey akatazama saa. Nyaga akaacha kumimina. Nilisali Kichaga.

Glory aliwaangalia ndege. Akaangalia chini, akaona weupe wote ule kwenye lami. Halafu akaniangalia mimi, mimi tu, katikati ya watu wote. Hakukasirika. Aliniangalia vile anavyowaangalia wale ndege, kama kitu anachokijua tangu Agosti.

Akawaambia watu kwa sauti safi kwamba kuna mtu amemwaga chakula mti wa tisa. Haikuwa kwenye mpango wake. Lakini ni bahati, akasema, maana sasa tutaona kipi kina nguvu, chakula au taa. Tusubiri.

Tukasubiri. Dakika ndefu kuliko zote maishani mwangu. Taa za maegesho zikawaka. Ndege wa kwanza akaruka, mwingine, kisha wakainuka wote kwa pamoja, bisi nusu zimebaki chini, wakazunguka juu ya benki na kumwagika ndani ya mti wa nne mpaka matawi yakainama. Bwana Humphrey alikuwa anahesabu kwa sauti. Alipofika mia mbili akaacha. Saa yake ilisema kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Rosette akapiga kelele, "Mama yangu!" Bertila analia, anasema ni vumbi. Hakukuwa na upepo.

Hapo nikaona wakati wa risala umewadia. Nikaenda kusimama mahali penye mwanga mzuri, chini ya mti wa nne. Nikafungua: "Mheshimiwa mgeni rasmi..."

Tone la kwanza kutoka kwa ndege lilitua kwenye neno "rasmi". La pili begani. Baada ya hapo sikuhesabu. Mia mbili ni ndege wengi. Nyaga, kikombe mkononi, akasema watu wote wasikie, "Boss, sasa hiyo imegongwa muhuri." Wakaangua kicheko wote, hata Bwana Humphrey, ambaye alisubiri Rosette amtafsirie kwanza. Na Glory akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ukingo, ameshika tumbo, na safari hii halikuwa linamuuma. Sikuwa nimekisikia kicheko kile kwa karibu miaka miwili. Nilikuwa nimesahau kwamba kinaishia na kikohozi.

Nimeendelea kusoma hadi ukurasa wa nne. Kazi ni kazi.

Jumatano, 22 Oktoba

Barua imekuja. Glory anabaki! Mwaka mzima!

Bwana Humphrey ameandika kwamba jaribio la ziada la chakula, ambalo halikupangwa, limeipa kazi ya Glory nguvu kuliko daftari lolote. Nimemsomea Bertila sentensi hiyo mara tatu. Jaribio la ziada ni mimi. Bila bisi zangu wangekuja tu, wakalala, watu wakaenda nyumbani.

Aya ya pili ni fupi. Msimamizi wa nyumbani kuanzia leo ni Bertila. Muhuri wa zambarau usitumike tena kwenye karatasi yoyote ya shule. Nimeomba angalau hafla ya makabidhiano ya ofisi, na Bertila akanikabidhi ufagio. Mstari wa asubuhi umefutwa. Kiranja mkuu amevuliwa madaraka na kufutwa muhuri ubavuni kwa spiriti. Haukutoka wote.

Rosette amepiga simu kutupa hongera. Akaongeza kwamba ule muhuri wangu ubaki kwangu, na yeye Jumanne alivunja kisigino cha kiatu lakini hajuti.

Ijumaa, 24 Oktoba

Asubuhi nimekuta karatasi imebandikwa kwenye friji. Mwandiko wa Glory. Kiswahili chote, bila neno hata moja la Kiingereza, sijui alikaa nayo saa ngapi.

Ripoti ya maendeleo. Jina: Baba. Sayansi: nzuri, bila kukusudia. Kuhesabu miti: hafifu. Nidhamu: tunaomba mzazi wake afike. Mahudhurio: yupo kila siku. Nafasi: ya 2 kati ya 1. Maoni ya mwalimu: Anajitahidi sana. Apumzike.

Chini amechora ndege mmoja mweusi, mkia mrefu. Nimesoma pale kwenye mahudhurio mara nyingi. Macho yaliniwasha, na limau halikuwepo.

Nilimgongea mlango nikamuuliza nani wa kwanza. Akajibu kutoka ndani kwamba nafasi iko wazi.

Nimeichukulia kwa uzito. Nimekaa roshani na kahawa nikaifikiria hali ya tawi. Bertila anamsimamia Glory, sawa. Lakini nani anamsimamia Bertila? Hakuna! Shule nzima inaendeshwa bila mkaguzi. Siku hizi kule nyumbani wanaitwa Wadhibiti Ubora wa Shule, na barua ya Bwana Humphrey, nimeisoma neno kwa neno, haisemi lolote kuhusu Mdhibiti Ubora. Wala haisemi lolote kuhusu wino wa kijani.

Nimejiteua saa tatu na nusu. Muhuri mpya nimeuagiza saa tatu na dakika thelathini na tano, wa duara, unafika Jumanne. Kigurudumu cha tarehe safari hii nakijua. Karatasi ya kwanza kugongwa itakuwa ripoti yangu mwenyewe, kisha nitaanza kujiandaa kwa mtihani ujao. Nafasi ya kwanza iko wazi na naitaka. Nikiwapima washindani wote kwa haki, wa kuogopwa ni mmoja tu: friji.